Sura ya Saba: Kwa Nini Mbung'o Humuua Ng'ombe Akakuacha Wewe

Swali hili huulizwa na wachungaji, na wavuvi wa visiwa vya Ssese, na hata watalii wanaorudi kutoka mbuga ya Murchison mikono imewavimba. Mbung'o ameniuma. Nasikia mbung'o huleta malale. Je, ndiyo basi tena?

Mwenye ng'ombe huongeza swali la pili, na hilo ni gumu zaidi. Mbung'o walewale waliwauma ng'ombe wangu, wakakonda, manyoya yakasimama, wakafa mmoja mmoja. Mimi nilikuwa nao malishoni, nikaumwa na mbung'o haohao, na niko mzima. Kulikoni?

Wengi hujibu haraka kwamba mwili wa binadamu ni imara kuliko wa ng'ombe. Sivyo. Ng'ombe ana kinga nzuri tu, na yapo magonjwa anayoyashinda yeye yakatushinda sisi. Tofauti iko katika kitu kimoja kidogo. Ndani ya damu yako, wakati huu unaposoma, inazunguka protini ambayo kazi yake ni kutoboa. Mbung'o anapokutemea vimelea vya ugonjwa wa ng'ombe, protini hiyo huvitoboa tando, na kwa muda wa saa chache vinavimba na kufa. Ng'ombe hana protini hiyo.

Jibu hilo lingetosha kama lingekuwa kamili. Lakini watu hufa kwa malale, na katika Uganda walikufa kwa maelfu. Kwa hiyo tuanzie pale ambapo mtoboaji wetu alishindwa kazi.

Wodi za Namirembe, 1901

Daktari Albert Cook alifika Buganda mwanzoni mwa 1897 pamoja na kundi la wamisionari wa Kianglikana wa CMS waliotembea kwa miguu kutoka pwani. Miongoni mwao alikuwemo muuguzi Katharine Timpson, ambaye miaka mitatu baadaye alikuwa Bibi Cook. Mwaka huohuo wa 1897, kwenye mteremko wa kilima cha Namirembe, karibu na makao ya Kabaka, mfalme wa Buganda, walifungua hospitali ya Mengo, ya kwanza nchini. Ndugu yake Albert, Jack, naye ni daktari, akajiunga nao baadaye.

Mwaka 1901 ndugu hao wawili walianza kuona wagonjwa wa aina ambayo hawakuwa wameizoea. Mtu huja na homa inayokwenda na kurudi. Tezi za shingo zimevimba. Kichwa kinauma bila kukoma. Wiki zinapita, anaanza kusinzia mchana na kukesha usiku. Ulimi unakuwa mzito, mikono inatetemeka, anasinzia na tonge mkononi. Mwisho haamki. Baganda waliuita ugonjwa huo mongota. Ndugu Cook waliutambua kuwa ni malale, uliokuwa ukijulikana Afrika Magharibi na Kongo lakini haujawahi kuandikwa katika nchi hii.

Hawakuwa na dawa ya kuwapa. Wala hapakuwa na mtu duniani aliyejua chanzo. London, Patrick Manson, bingwa wa magonjwa ya nchi za joto, aliwashuku minyoo wadogo wa damu waitwao filaria. Mwaka 1902 tume ya wanasayansi ilitumwa Entebbe, na mmoja wao, Mwitaliano kijana Aldo Castellani, kwanza akamshuku bakteria aitwaye streptokoka. (Mkumbuke streptokoka huyo. Hakuwa na hatia katika kesi hii, lakini ana mahali pake katika sura yetu.) Kisha Castellani akaweka chini ya hadubini maji yaliyotolewa kwenye uti wa mgongo wa mgonjwa, akaona kitu chembamba kinajikunjakunja. Kilikuwa tripanosoma, kimelea cha seli moja chenye mkia mmoja.

David Bruce, aliyefika Machi 1903, alikuwa anakifahamu kiumbe hicho. Miaka minane kabla alikuwa amekiona katika damu ya ng'ombe wa Zululand waliokuwa wakifa kwa nagana, ule ugonjwa wa ng'ombe, na alikuwa ameonyesha kwamba mbung'o ndiye anayekibeba. Katikiro, yaani waziri mkuu, Apolo Kaggwa na machifu walisaidia: watu walikusanya inzi kutoka kila upande wa nchi wakawaleta pamoja na habari za wapi wagonjwa wapo na wapi hawapo. Ramani ya mbung'o na ramani ya malale zikalingana. Wakati huo hospitali ya Mengo yenyewe ilikuwa imepigwa na radi na kuteketea, ikabidi ijengwe upya.

Hadi janga lilipotulia, zaidi ya watu 200,000 walikuwa wamekufa Buganda na Busoga. Kati ya 1906 na 1909 serikali ya Gavana Hesketh Bell iliwahamisha watu kutoka ukanda wa ziwa Viktoria na kutoka visiwani. Robert Koch, Mjerumani yule aliyegundua bakteria wa kifua kikuu, aliweka kambi Ssese akawapa wagonjwa atoksili, dawa ya aseniki. Baadhi yao ikawapofusha.

Kitendawili cha Paris

Mwaka uleule wa 1902, Castellani akiwa Entebbe, daktari Mfaransa Alphonse Laveran alikuwa anafanya jaribio dogo katika Taasisi ya Pasteur, Paris. Aliwachukua panya wenye tripanosoma za nagana, ambao kwa kawaida hufa, akawachoma sindano ya majimaji ya damu ya binadamu, yaani ule umajimaji wa njano unaobaki juu damu inapoganda. Vimelea vikatoweka.

Weka mambo hayo mawili pamoja uone ugumu wake. Paris, damu ya mtu inaua tripanosoma. Mengo, tripanosoma zinaogelea ndani ya damu ya mtu na kumuua. Na ukiziweka tripanosoma hizo mbili chini ya hadubini huwezi kuzitofautisha. Kitendawili hicho kilikaa miaka mia moja kabla ya kuteguliwa vizuri, na ufunguo wake ulikuwa tundu.

Jinsi tundu linavyoua

Mwili umejengwa kwa seli, vyumba vidogo visivyoonekana kwa macho. Kimelea cha malale ni seli moja tu inayojitegemea. Kila seli imezungukwa na utando, ngozi ya mafuta nyembamba mno, unene wake ni kama nanomita tano. Nanomita moja ni milimita iliyogawanywa mara milioni moja. Protini nazo ni vifaa vya seli: minyororo mirefu iliyokunjwa kwa umbo maalumu, kila moja na kazi yake.

Utando huo una kazi moja kubwa, kutenganisha. Ndani ya seli kuna potasiamu nyingi na sodiamu kidogo. Nje ni kinyume chake, ndiyo maana damu na machozi vina ladha ya chumvi. Tofauti hiyo haijikalii yenyewe. Pampu za protini zilizochomekwa kwenye utando zinafanya kazi usiku na mchana, zikitupa sodiamu nje na kuvuta potasiamu ndani, na sehemu kubwa ya nguvu inayotokana na chakula chako huishia hapo.

Sasa litobolewe tundu moja. Mvuvi wa Ggaba anajua mtumbwi unaovuja hauzami kwa sababu ya tundu peke yake. Unazama pale maji yanapoingia kwa kasi kuliko kopo linavyoyatoa. Seli ni hivyohivyo. Sodiamu inaingia, maji yanaifuata, pampu zinahangaika. Tundu likiwa dogo au moja, seli huweza kukikata kipande cha utando kilichotobolewa, kukitupa na kushona upya. Matundu yakizidi, inavimba hadi inapasuka. Mara nyingine haipasuki: uvujaji wenyewe unawasha ndani yake amri ya kujiua.

Jambo la kushangaza ni jinsi protini ya kutoboa inavyofika hapo. Ingekuwa tundu tangu ilipotengenezwa, ingemtoboa aliyeitengeneza. Kwa hiyo husafiri ikiwa imejikunja, yenye kuyeyuka majini bila madhara. Ikigusa utando unaofaa, au ikikutana na uchachu fulani, hubadilika umbo, hutoa nje sehemu inayopenda mafuta na kujizamisha. Nyingi huja kwa kundi na kujipanga duara, na katikati ya duara hilo ndipo tundu lilipo.

Watoboaji wengine unaowajua bila kuwajua

Ukishajua kuwa kuna silaha ya namna hii utaiona kila mahali. Viumbe wengi sana wameibuni, wengine kwa kushambulia, wengine kwa kujilinda. Mifano michache ya karibu:

- Damu yako ina kundi la protini liitwalo komplementi. Zikimgundua bakteria, huitana hatua kwa hatua hadi zinajenga juu yake duara lenye tundu la upana wa nanomita 10 hivi. Ni dogo kiasi kwamba ungepanga matundu kama 700 ndipo umalize upana wa chembe nyekundu moja ya damu. Watu waliozaliwa bila protini za mwisho za kundi hili huugua homa ya uti wa mgongo tena na tena. Seli zako mwenyewe huvaa protini ya ulinzi iitwayo CD59 inayozuia duara lisikamilike.
- Seli za kinga zinazowinda seli zilizovamiwa na virusi hubeba protini iitwayo perforini. Hujibana na adui, humtoboa, kisha humpitishia sumu katika tundu hilo.
- Bakteria wa majipu, stafilokoka, hutoa sumu ambayo vipande vyake saba hukutana na kutengeneza tundu moja kwenye seli zako.
- Bakteria waitwao Bti hutoa protini inayotoboa utumbo wa viluwiluwi wa mbu. Kiwanda cha Kibaha, Tanzania, kimejengwa kuzalisha viuadudu vya aina hiyo.

Na yule streptokoka wa Castellani? Yeye ndiye bakteria wa koo linalouma, na hutengeneza sumu ya kutoboa inayoitwa streptolisini O. Mtoto akiletwa hospitali viungo vimevimba na moyo unapiga ovyo baada ya koo kuuma, daktari huagiza kipimo cha ASO. Kipimo hicho hutafuta kingamwili, yaani protini za ulinzi, ambazo mtoto alizitengeneza dhidi ya streptolisini hiyo. Mzazi huona herufi tatu kwenye karatasi ya maabara. Zile herufi zinauliza: je, mtoto huyu amewahi kupigana na mtoboaji?

Chakula chenye sumu

Turudi kwa tripanosoma. Mwaka 2003 kundi la watafiti wa Brussels lililoongozwa na Etienne Pays lilitangaza kuwa limempata aliyekuwa anaua vimelea katika jaribio la Laveran. Ni protini iitwayo apolipoprotini L1, na kwa kuwa jina hilo linachosha, kila mtu huiita APOL1. Miaka miwili baadaye kundi hilohilo lilionyesha kwamba inaua kwa kutoboa.

APOL1 inayozunguka katika damu hutoka hasa kwenye ini. Haitembei peke yake. Hupanda kwenye chembe za mafuta zinazoitwa HDL, zilezile ambazo kwenye majibu ya maabara huandikwa kama kolesteroli nzuri. Ni sehemu ndogo tu ya HDL inayobeba mtoboaji huyu, na pamoja naye imebeba protini ya pili, ndugu wa protini nyingine ya damu iitwayo haptoglobini.

Hapa ndipo utamu wa habari. Tripanosoma inahitaji hemu, kile kiini chenye chuma kinachoifanya damu iwe nyekundu, na haiwezi kukitengeneza yenyewe. Kwa hiyo huiba. Katika damu, hemoglobini iliyomwagika kutoka chembe zilizokufa huokotwa na haptoglobini, na tripanosoma ina mlango maalumu, kwenye mfuko ulio kwenye shina la mkia wake, wa kuinasa haptoglobini yenye mzigo huo. Ile protini ya pili juu ya HDL inafanana na haptoglobini vya kutosha kupokelewa katika mlango huo. Kimelea kinaivuta ndani kikidhani kimepata hemu, na APOL1 inaingia nayo.

Ndani, chakula hupelekwa kwenye vifuko vyenye uchachu, tumbo la seli kwa maneno mengine. Uchachu huo ndio ishara APOL1 iliyokuwa inaingojea. Inajikunjua, inajichomeka kwenye utando, na tundu linafunguka. Wataalamu bado wanabishana ni utando upi unaotobolewa kwa madhara zaidi: wapo wanaosema ni wa tumbo lenyewe, na wapo wanaosema APOL1 husafirishwa tena hadi utando wa nje na kuutoboa pale. Mwisho wake haubishaniwi. Chini ya hadubini kimelea kinavimba, kinapoteza mwendo, kinapasuka.

Kwa ufupi: mtoboaji wetu huliwa na adui mwenyewe, kwa njaa yake, na hufunguka tu akishafika tumboni. Chimpanzi hana APOL1 inayofanya kazi. Gorila, nyani na sisi tunayo. Mbuzi, ng'ombe, farasi na mbwa hawana, ndiyo maana nagana ilizuia plau na farasi katika eneo kubwa la Afrika.

Kimelea kilichopata kizibo

Basi waliolala Mengo walikuwa na APOL1 kama sisi. Kilichotofautiana ni kimelea.

Tripanosoma inayoleta malale ya mashariki, iliyopewa jina la Rhodesia mwaka 1910, ina protini ya ziada iitwayo SRA. Iligundulika kwamba ilitokana na jeni, yaani kipande cha maelekezo ya urithi, iliyokuwa ya kutengeneza koti la nje la kimelea. Tripanosoma hubadilisha koti kila mara ili kuzikwepa kingamwili. Katika mabadiliko hayo, zamani, koti moja lilikatika vibaya na likatokea kuwa linaweza kuishika APOL1. SRA huingoja APOL1 ndani ya kimelea, huikamata mkiani, na tundu halifunguki. Mbali na jeni hiyo moja, kimelea hicho ni karibu sawasawa na kile cha ng'ombe.

Malale ya magharibi, ya kimelea cha Gambia, ina mbinu tofauti: imeupunguza ule mlango wa haptoglobini ili isile sana, na ina protini yake nyingine inayougumisha utando. Hiyo huua polepole, kwa miaka. Ile ya mashariki huua kwa miezi. Janga la Mengo lilihesabiwa kwa miongo mingi kuwa la kimelea cha Gambia. Watafiti wa baadaye, wakisoma upya maelezo ya wakati ule, wamesema kwamba kasi ya vifo na mwendo wa ugonjwa vinaelekea zaidi kwa kile cha mashariki. Mimi hoja yao inanishawishi.

Kabla SRA haijajulikana, kulikuwa na njia moja tu ya kujua kama tripanosoma ya mnyama inaweza kumwambukiza mtu: kumchoma mtu. Mwaka 1958 R. B. Heisch na wenzake Kenya walitoa kimelea kwa pongo, wakamchoma mtu aliyejitolea, akaugua. Huko Tinde, Shinyanga, Tanzania, kuanzia miaka ya 1930, kimelea kilipitishwa kwa kondoo na swala kwa miaka mingi na kujaribiwa kwa watu waliojitolea, ili ijulikane kama kinasahau kumwambukiza binadamu. Hakikusahau. Mwaka 1970 Rickman na Robson walileta njia ya kiungwana zaidi: changanya kimelea na damu ya mtu, kisha mchome panya, panya akiugua, kimelea kina kizibo. Leo unatafuta tu jeni ya SRA.

Na ilipotafutwa, ilitisha. Ugonjwa ulipoibuka Soroti, Uganda, mwaka 1998, mahali ambapo haukuwapo, njia ilifuatiliwa hadi kwenye ng'ombe walioletwa kutoka sehemu zenye maambukizi kwa ajili ya kujaza tena mifugo iliyoporwa. Uchunguzi wa jeni uliochapishwa mwaka 2001 ulikadiria kwamba kama asilimia 18 ya ng'ombe wa eneo hilo walibeba kimelea kinachoweza kumuua mtu, na wengi wa ng'ombe hao walionekana wazima. Kampeni iliyoanza 2006, na chuo kikuu cha Makerere kikiwemo, ililenga ng'ombe: kuwadunga dawa na kuwapulizia miguu na tumbo, ambako mbung'o hupenda kutua. Uganda ndiyo nchi pekee yenye malale zote mbili, ya magharibi huko West Nile na ya mashariki upande wa kusini-mashariki, na hofu ilikuwa zisije zikakutana katikati, kwa kuwa dawa zake zilitofautiana. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba ile ya Gambia si tishio tena kwa afya ya umma nchini.

Kwa ufupi, kwa aliyeumwa na mbung'o: wengi wa mbung'o hawana kimelea, na wengi wa wenye nacho wanacho cha wanyama, ambacho APOL1 yako itakimaliza. Ukipata homa ndani ya wiki tatu za kuumwa, au kidonda kigumu palipoumwa, usimeze dawa ya malaria ukangoja. Nenda upimwe damu kwa hadubini na umwambie mhudumu neno mbung'o. Dawa sasa zipo, na feksinidazoli ni ya kumeza tu. Majaribio yake kwa malale ya mashariki yalifanyika Malawi na katika hospitali ya Lwala, Uganda.

Mkulima wa Maharashtra

Mwaka 2004, katika jimbo la Maharashtra, India, ambako hakuna mbung'o kabisa, mkulima mmoja aliugua homa zisizokwisha. Damu yake ilijaa tripanosoma ya aina ya *evansi*, inayowaua ngamia na nyati, na ambayo haikutarajiwa kuishi ndani ya mtu. Kimelea kilichunguzwa: hakikuwa na SRA wala kizibo kingine chochote. Akachunguzwa mgonjwa. Nakala zake zote mbili za jeni ya APOL1, ya baba na ya mama, zilikuwa na kosa. Hakuwa na mtoboaji.

Alitibiwa kwa suramini, akapona. Nampenda mtu huyu katika historia ya sayansi, kwa sababu alithibitisha mambo mawili kwa mpigo. La kwanza ni kwamba bila APOL1 sisi ni ng'ombe tu mbele ya tripanosoma. La pili halikuonekana kuwa na uzito mwanzoni: maisha yake yote aliishi bila protini hiyo, na mbali na maambukizi hayo alikuwa mzima.

Figo zinapolipa

Vizazi vingi vilivyopita huko Afrika Magharibi, jeni ya APOL1 ya watu wawili watatu ilibadilika kidogo. Mabadiliko hayo, yanayoitwa G1 na G2, yako mkiani mwa protini, na SRA hushindwa kuikamata vizuri, hasa G2. Mtoboaji akawa huru tena. Waliorithi walipona, wakazaa. Leo miongoni mwa Wayoruba wa Nigeria karibu nakala nne katika kila kumi ni G1. Afrika Mashariki ni chache zaidi, lakini zipo: utafiti uliochapishwa 2017, ukihusisha watu wa Uganda na Guinea, ulionyesha kwamba mwenye G2 nchini Uganda alikuwa na uwezekano mdogo mara tano hivi wa kuugua malale ya mashariki. Guinea, dhidi ya kimelea cha Gambia, G2 ileile haikumlinda mtu. Wenye nayo waliugua zaidi.

Mwaka 2010 ikajulikana upande wa pili. Wamarekani weusi huugua figo mara nyingi kuliko weupe, na kwa miaka lawama iliangukia shinikizo la damu peke yake. Ukweli ukawa kwamba kama asilimia 13 yao wana nakala mbili za G1 au G2, na hao ndio wanaobeba sehemu kubwa ya hatari hiyo. Nakala moja mara nyingi haina neno. Mbili zinaweza kuziua seli za kuchuja za figo, hasa mwili ukiwa umechochewa na virusi. Mtu mwenye VVU asiyetibiwa yuko hatarini zaidi. Seli za figo hutengeneza APOL1 yake zenyewe ndani, na ile iliyobadilika huelekea kufungua tundu katika utando wa seli iliyoizaa. Potasiamu inavuja nje, seli inachoka, protini zinaanza kutoka kwenye mkojo, na baada ya miaka mtu anajikuta kwenye foleni ya kusafishwa damu, iwe Atlanta, Marekani, au hospitali ya Kiruddu, Uganda.

Katika Nairobi, taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI na washirika wake wanaitazama silaha hiyohiyo kutoka upande wa ng'ombe. Nyani ana APOL1 ambayo SRA haiwezi kuizuia kabisa. Mwaka 2012 alizaliwa pale ndama wa aina ya Boran kwa njia ya kloni, akaitwa Tumaini, hatua ya kwanza kuelekea ng'ombe aliyepewa jeni ya nyani ili mbung'o asimsumbue. Ukishasoma habari ya figo utaelewa kwa nini kazi hiyo haifanywi kwa pupa.

Na madaktari wa figo? Wao walimkumbuka mkulima wa Maharashtra. Kama mtu anaweza kuishi bila APOL1 na figo zake zikawa salama, basi protini hiyo inaweza kuzimwa kwa dawa. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya kidonge kiitwacho inaksaplini, kilichoundwa kuziba tundu la APOL1. Kwa wagonjwa 13 waliokimeza kwa wiki 13, protini kwenye mkojo ilipungua kwa karibu nusu. Majaribio makubwa zaidi yakafuata.

Kidonge hicho kinafanya kwa makusudi kazi ambayo SRA huifanya kwa niaba ya kimelea. Mgonjwa wa figo anayeishi London anaweza kukimeza bila kuwaza mbung'o. Lakini siku kitakapofika duka la dawa la Jinja au Iganga, daktari atalazimika kumuuliza mgonjwa wake swali ambalo halimo katika fomu za London: unafuga ng'ombe wangapi, na huwa unawachunga wapi?